Kitabu cha Chapa katika Zama za Blogu: Mtazamo kutoka Kilosa na Mikumi

1. Utangulizi

Mji wa Mikumi, ulioko katika Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, umepewa jina la mti. Mkumi ni mti mrefu wa jamii ya minazi unaoota katika mbuga za Mkata. Kwingineko huitwa mvumo, na wataalamu wa mimea huuita Borassus aethiopum. Ndugu yake wa karibu, Borassus flabellifer, huota India ya Kusini na Sri Lanka. Huko, kwa karne nyingi, majani yake yalikaushwa, yakakatwa vipande virefu, yakaandikwa kwa kalamu ya chuma, kisha yakatobolewa na kufungwa kwa uzi. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vitabu vya watu wa huko kabla ya karatasi kuenea.

Majani hayo hayakuwa ya kudumu. Unyevu na wadudu viliyaharibu, na ikabidi maandishi yanakiliwe upya kila baada ya muda. Matini yaliyotufikia si yale yaliyoandikwa juu ya majani magumu kuliko mengine. Ni yale ambayo wasomaji wa kila kizazi waliyaona yanastahili kazi ya kunakiliwa.

Historia hiyo inafaa kuwa mlango wa mada ya mhadhara huu. Tangu blogu za Kiswahili zianze kuonekana katika miaka ya mwanzo ya karne ya 21, imesemwa mara nyingi kwamba siku za kitabu cha chapa zinahesabika. Hata hivyo, kitabu hakijaondoka. Wanaokitetea, kwa upande wao, hutaja harufu ya karatasi na raha ya kufunua kurasa, sababu ambazo hazina uzito mkubwa kitaaluma. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba mvuto wa kitabu hautokani na karatasi yenyewe. Unatokana na mambo mawili: matini yaliyokwisha kutulia, na nakala zilizotawanyika mikononi mwa watu wasiohitaji ruhusa ya yeyote ili kuendelea kuwa nazo. Blogu imekipa Kiswahili waandishi wengi na wazuri. Mambo hayo mawili bado haijakipa.

Kilosa na Mikumi zimechaguliwa kwa sababu hoja ya namna hii haipimwi vizuri kwenye miji mikuu, ambako maduka ya vitabu na mitandao ya kasi hukaa mtaa mmoja. Inapimwa vizuri zaidi katika wilaya kubwa ya wakulima na wafugaji, yenye mji wa reli upande mmoja na mji wa barabara kuu upande mwingine.

2. Ushahidi wa Msamiati

Lugha huhifadhi kumbukumbu ambazo wazungumzaji wenyewe wameshazisahau. Neno chuo leo lina maana ya mahali pa mafunzo ya juu au ya ufundi. Lakini kamusi za zamani, ikiwemo ile ya Kiswahili Sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zinaonesha kwamba chuo kilikuwa pia kitabu. Jina moja lilibeba kitabu na mahali pa kukisomea. Baadaye maana ya kitabu ilififia, na neno lenye asili ya Kiarabu, kitabu, likachukua nafasi yake. Neno hilo lilipokelewa kwa ukarimu mkubwa: silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya ki-/vi-, na wingi wake ukawa vitabu, kana kwamba lilizaliwa nyumbani.

Jambo kama hilo lilitokea kwa neno ukurasa. Asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya daftari au kijitabu. Waswahili walilichukulia umbo la kurasa kuwa la wingi, wakaliundia umoja wa ngeli ya u-. Chapa nalo lilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Kwa hiyo msamiati wa kitabu katika Kiswahili ni kazi ya karne nyingi na ya pande zote za Bahari ya Hindi.

Blogu ilipofika, Ndesanjo Macha, mwanzilishi wa blogu ya Jikomboe na miongoni mwa Watanzania wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili, alipendekeza istilahi ya gazeti tando. Istilahi hiyo ilikuwa na mantiki nzuri ya uundaji wa maneno. Hata hivyo, watumiaji walio wengi walichagua kutohoa, na neno blogu likakaa katika ngeli ya i-/zi-. Lakini mambo yanayofanyika ndani ya blogu yalipewa majina ya kitabu na gazeti. Mtu hufungua ukurasa, husoma makala, huhifadhi majalada. Teknolojia mpya ilipanga katika nyumba ya zamani.

Kuna tofauti moja ya kisarufi ambayo inastahili kuzingatiwa zaidi. Kirai kitabu changu kina maana mbili. Chaweza kumaanisha kitabu alichokiandika msemaji, na chaweza kumaanisha kitabu alichokinunua au kupewa, hata kama mwandishi wake alifariki zamani. Mwanafunzi wa Kilosa anayemiliki nakala ya riwaya ya Shaaban Robert husema bila kigugumizi kwamba ni kitabu chake. Kirai blogu yangu kina maana moja tu, ile ya mwenye kuiandika au kuiendesha. Msomaji wa blogu, hata aitembelee kila siku kwa miaka kumi, hawezi kuiita blogu yake. Wazungumzaji hawakufundishwa kanuni hii na mtu yeyote. Waliitambua wenyewe kutokana na hali halisi: msomaji wa kitabu ni mmiliki, na msomaji wa blogu ni mgeni.

3. Kutoka Mambo Leo hadi Blogu

Si haki kuieleza blogu kama jambo lisilo na mizizi katika utamaduni wa maandishi ya Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, lilijaa barua, habari za miji na mashairi ya wasomaji. Makarani, walimu na wafanyabiashara wa pwani na wa bara walijibizana humo kwa tungo, walisahihishana lugha na kubishana kuhusu desturi. Lilikuwa gazeti la serikali lenye mipaka yake ya kisiasa. Hata hivyo, ndani ya mipaka hiyo wasomaji walikuwa pia waandishi.

Blogu ilirudisha tabia hiyo kwa upana mkubwa zaidi. Baada ya Jikomboe, mpigapicha Issa Michuzi alianzisha blogu yake mwaka 2005, na nyingine nyingi zikafuata ndani ya Tanzania na miongoni mwa Watanzania wa ughaibuni. Kwa mara ya kwanza, mtu mwenye jambo la kusema kwa Kiswahili hakulazimika kumngoja mhariri, mchapishaji wala msambazaji. Faida hiyo haiwezi kupuuzwa katika nchi ambamo miswada mingi huzeekea kabatini. Riwaya ya Kufikirika ya Shaaban Robert ilichapishwa baada ya mwandishi wake kufariki mwaka 1962. Mwandishi wa leo hahitaji kungoja hivyo.

Hata hivyo, mfano huo huo una upande wa pili. Mswada wa Kufikirika ulibaki kwa sababu ulikuwa kwenye karatasi ambayo mtu mwingine aliweza kuichukua na kuipeleka kiwandani. Blogu ambayo mwenyewe amefariki bila kuacha nywila, au ameacha kulipia anwani yake, haina mrithi. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikuweza kufunguliwa tena ilipofika Oktoba 2023. Huo ni muda wa miaka kumi, yaani muda ambao mtoto wa darasa la kwanza hufika kidato cha tatu.

Sababu za kutoweka si za kiufundi peke yake. Mwezi Machi 2018 zilitangazwa Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu wajisajili, walipe ada ya maombi ya shilingi 100,000 na ada ya leseni ya shilingi 1,000,000. Baadhi ya wanablogu, hasa wale walioandika kwa mapenzi ya lugha bila kutafuta faida, walifunga milango. Walipofunga, hawakusimamisha tu makala za kesho. Za jana pia ziliondoka, na wasomaji hawakubaki na kitu mkononi.

Itasemwa kwamba kitabu nacho hupigwa marufuku. Ni kweli. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda kutumika mashuleni. Lakini marufuku hayo hayakuzifikia nakala zilizokwisha kununuliwa. Ziliendelea kusomwa na kuazimwa, na riwaya yenyewe leo inahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za fasihi ya Kiswahili. Kuzuia blogu ni kufunga mlango mmoja. Kuzuia kitabu kilichokwisha kuenea ni kuhangaika na milango ya watu wote.

Mtafiti wa Kiswahili anayetaka kujua lugha ya mwaka 1925 ataketi maktabani na majalada ya Mambo Leo na kusoma barua za watu wa kawaida jinsi zilivyochapwa. Anayetaka kujua lugha ya blogu za mwaka 2005 atapata baadhi ya kurasa katika hifadhi kama ile ya Internet Archive, na nyingine nyingi atazikosa. Kwa hiyo ipo hatari ya kuzifahamu fikra za makarani wa enzi ya Waingereza vizuri kuliko za vijana walioandika juzi.

4. Kilosa katika Vitabu

Wilaya ya Kilosa yenyewe ni ushahidi wa jambo hili. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, iliifanya Kilosa kuwa mji wa kituo, na mashamba ya mkonge yakaleta wafanyakazi kutoka sehemu nyingi za nchi. Kiswahili kikawa lugha ya stesheni, ya shamba na ya soko. Pembeni yake zilibaki lugha za wenyeji: Kikaguru upande wa kaskazini, Kisagara katikati, na Kividunda katika milima ya kusini, upande wa Mikumi na Kidatu.

Kabla ya reli, huko Mamboya, aliishi mmisionari J. T. Last wa Church Missionary Society. Mwaka 1885 alichapisha Polyglotta Africana Orientalis, mkusanyo wa maneno na sentensi za lugha nyingi za Afrika Mashariki, na mwaka 1886 kikatoka kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru. Kazi hizo zina kasoro za wakati wake. Last hakuwa na mafunzo ya isimu ya leo, na hakuiandika toni. Lakini mwaka 2008, Malin Petzell alipochapisha sarufi, matini na msamiati wa Kikaguru, zilikuwa zimepita takriban miaka 122 tangu sarufi ya Last, na ya zamani bado ilikuwepo, ikiweza kulinganishwa na mpya neno kwa neno. Mabadiliko ya lugha hayaonekani bila nukta mbili zilizotulia. Kitabu cha 1886 hakikurekebishwa kimyakimya na mtu yeyote ili kiafikiane na mawazo ya baadaye. Makosa yake yamebaki mahali pake, na hata hayo ni data.

Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulifuata njia hiyo hiyo kwa kuchapisha misamiati na sarufi za lugha ambazo nyingi hazikuwa na kitabu. Kwa mzungumzaji wa Kividunda, kuona maneno ya bibi yake yamepigwa chapa si jambo dogo. Chapa huipa lugha ndogo heshima ambayo ujumbe wa simu bado hauipi, kwa sababu kila mtu anajua kwamba chapa ina gharama, na kwamba kuna watu walikubali kuibeba.

Pamoja na hayo, mtu wa Kilosa ndiye wa mwisho kuambiwa kwamba karatasi haifi. Mwezi Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kuharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yanayong'oa mataruma ya reli hayaachi daftari wala msahafu. Nyumba iliyokuwa na kitabu kimoja ilikipoteza. Tofauti ni kwamba kitabu kilichopotea Kilosa kilikuwa bado kipo Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam, na kiliweza kununuliwa au kuombwa tena. Kilichopotea kabisa ni kile kilichokuwa na nakala moja: barua, daftari la hesabu, shairi lililoandikwa kwa mkono. Blogu, kwa kadiri inavyokaa mahali pamoja chini ya mwenyewe mmoja, iko karibu zaidi na daftari hilo kuliko na kitabu, ijapokuwa inasomwa na maelfu kwa siku.

5. Kusoma kwa Utulivu

Upo pia upande wa msomaji. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walichapisha uchambuzi uliojumuisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000 kuhusu ufahamu wa kusoma kwenye karatasi na kwenye skrini. Waligundua kwamba wasomaji wa karatasi walielewa vizuri zaidi matini ya maarifa, hasa pale walipokuwa na muda wenye kikomo. Kwa hadithi peke yake, tofauti hiyo haikuonekana. Matokeo haya yana maana ya moja kwa moja kwa mwanafunzi wa sekondari anayesoma historia au biolojia, na yanaonya dhidi ya haraka ya kubadili vitabu vya kiada kuwa vishikwambi.

Aidha, Tanzania ina uzoefu wake wa chapa na umma. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliunganisha redio na vijitabu katika vikundi vya kusomea vijijini, na takriban watu milioni 2 walishiriki. Redio ilisikika mara moja ikapita. Kijitabu kilibaki nyumbani, kikarejewa na aliyesahau, kikasomewa asiyejua kusoma. Mafanikio yalitokana na kila chombo kufanya kazi yake. Mgawanyo huo wa kazi ndio unaofaa kufikiriwa kati ya blogu na kitabu: blogu ichokoze na kuita, kitabu kikae na watu.

Katika mazingira ya vijijini, kukaa na watu kuna maana ya gharama pia. Makala ya mtandaoni hulipiwa kila inaposomwa, kwa kifurushi na kwa chaji ya simu. Kitabu hulipiwa mara moja, kisha husomwa na kaka, dada, jirani na mtoto wa jirani. Huandikwa jina la kila aliyekimiliki kwenye ukurasa wa kwanza, na majina hayo yakipangana ni historia fupi ya ukoo au ya shule. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, inaanzia katika mji mdogo uliopata uhai Wajerumani walipoufanya bohari ya kujengea reli. Msomaji wa Kilosa hahitaji maelezo ya chini kuuelewa mji huo. Kinachohitajika ni nakala kufika Kilosa.

6. Hitimisho

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Mvuto wa kitabu haujapungua. Kilichopungua ni njia ya kumfikia anayevutwa. Malori ya karatasi kutoka kiwanda cha Mgololo, Mufindi, yaendayo Dar es Salaam kwa barabara hupita Mikumi. Treni za reli ya kisasa, zilizoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, hupita Kilosa. Wilaya ambayo karatasi na abiria huipita kila siku haina sababu ya kijiografia ya kukosa vitabu.

Mambo matatu yanajitokeza kutokana na mjadala huu. Kwanza, makala bora za blogu za Kiswahili, zile zinazoweza bado kupatikana, zikusanywe kwa idhini ya waandishi wake na zichapwe. Wachapishaji wa Tanzania wanawajibika kisheria kuwasilisha nakala za machapisho yao kwenye maktaba ya taifa, na kwa njia hiyo maandishi ya mtandaoni yatapata makazi ambayo hayategemei ada ya kila mwaka. Pili, tasnifu na misamiati ya lugha za Kilosa isiishie katika maktaba za vyuo vikuu. Nakala zirudi kwa Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, zikae katika shule zao, mahali pa juu ambapo maji hayafiki. Tatu, wanafunzi wa isimu wazoeshwe kuhifadhi kwa chapa kila kurasa ya mtandaoni wanayoinukuu, maana mtahini wa kesho huenda asiipate.

Wanakili wa majani ya mitende huko India hawakubishana kama jani ni bora kuliko kitu kingine. Waliuliza ni matini gani yasiyofaa kupotea, kisha wakaketi kuyanakili. Swali hilo sasa linakihusu Kiswahili cha miaka ishirini iliyopita, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa mahali pasipo na nakala. Wapo bado wanaokumbuka kilichoandikwa humo, na baadhi ya waandishi wenyewe wako hai. Kazi ya kunakili inawezekana leo. Baada ya miaka kumi mingine, sehemu yake haitawezekana tena.